Nilirudi kujifunza kazi ya biblioteki nikiwa na watoto watatu



Majuma mawili yaliyopita, nyuma ya mkutano wa likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni. Aliniambia kwamba alisomea uuguzi, akafanya kazi miaka miwili, kisha akaolewa, akazaa, na familia ikahama mara mbili. Sasa mtoto wake wa mwisho anaingia shule. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mama mwalimu, mtu anaweza kurudi kwenye kazi aliyosomea, ao wakati umekwisha kupita?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Mvua ilikuwa inakuja na kila mtu alikuwa anakimbilia nyumbani. Ninataka kumjibu leo, na kwa kumjibu nitaeleza mambo yangu mwenyewe, pamoja na yale yanayonipa haya.

Ufunguo bila barua

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Nilimaliza graduat katika ISP na nilianza kufundisha Goma. Mwaka 2016 prefe wa shule yetu alinipa ufunguo wa chumba kimoja, akasema: "Madamu, wewe unapenda kusoma, uchunge vitabu hivi." Hakukuwa na barua wala nyongeza ya mshahara. Ndivyo walimu wengi wa kwetu wanavyoingia katika kazi ya biblioteki: mtu anapewa ufunguo, basi.

Nilikuwa na bahati moja. Padri mzee aliyekuwa amechunga vitabu vya seminari kwa miaka mingi alikubali kunifundisha kila siku ya tatu baada ya saa nane. Alinifundisha kuandika kila kitabu katika rejista ya kuingiza: namba yake, tarehe, mwandishi, jina la kitabu, kilitoka wapi, kiko katika hali gani. Alinifundisha kupiga muhuri kwenye ukurasa wa jina na tena kwenye ukurasa mmoja wa siri, ule ule katika vitabu vyote, ili mwizi akipasua ukurasa wa kwanza kitabu bado kijulikane. Alinifundisha kubandika namba mgongoni mwa kitabu, upande wa chini, kwa kipimo kimoja, ili macho yasitafute. Yote haya niliyaandika katika kaye kubwa yenye kifuniko kigumu.

Mwaka 2017 niliolewa. Mwaka 2018 nikazaa mtoto wa kwanza, na bado nilikuwa ninaenda kwa padri, mtoto mgongoni. Mwezi wa tatu 2020 nikazaa mapacha. Mwezi ule ule shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Aliyewahi kunyonyesha watoto wawili pamoja hahitaji nimweleze namna kaye ile ilivyobaki ndani ya sanduku.

Kisha ikaja siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Jioni mbingu iligeuka nyekundu upande wa Nyiragongo. Sisi tuliishi upande wa Buhene, mahali lava ilipopita. Nilibeba mtoto mmoja mgongoni na mmoja kifuani, mkubwa alishikwa na baba yake. Hatukuokoa nguo, hatukuokoa diploma. Sanduku lenye kaye liliungua pamoja na nyumba. Siku tano nyuma yake, kwa sababu ya matetemeko, serikali iliagiza sehemu kubwa ya mji ihame, na sisi tulipanda mashua kwenda Bukavu kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu.

Mwaka wa sambaza

Baba watoto alirudi Goma kutafuta kazi. Mimi nilibaki Bukavu na watoto watatu katika chumba kimoja. Kwa zaidi ya mwaka mmoja niliuza sambaza mbele ya nyumba. Sioni haya kusema hivyo. Sambaza zilitulisha, na zilinifundisha kuandika deni la kila mtu bila kupoteza hata franka mia moja. Lakini nilikuwa nimeacha kusoma. Hata gazeti lililofunga samaki sikulitazama. Mtu akiniita "Madamu" nilidhani anaita mwingine.

Mwezi wa kenda 2022 shule moja yenye msingi na sekondari ilinipokea. Nilikuwa N.U., yaani mwalimu ambaye bado hajaingia kwenye listi ya mishahara ya serikali, na nilipewa kidogo kutoka michango ya wazazi. Diploma iliyoungua ilinigharimu safari na barua nyingi mpaka nikapata hati ya kuthibitisha masomo yangu. Hilo ni shauri la kwanza ninalowapa: mwenye karatasi zake leo, azipige picha na simu, atume picha hizo kwa ndugu wawili wanaoishi mahali mbalimbali.

Mwezi wa kumi nilitumwa kutafuta chaki ndani ya depo. Nyuma ya viti vilivyovunjika niliona makartoni. Ndani yake kulikuwa na vitabu karibu 900, zawadi za miaka mingi: vitabu vya masomo, hadithi, kamusi, vitabu vya kilimo, vya afya, vya dini. Vilivyokuwa chini vilikuwa vimelowa, na panya walikuwa wamezaa ndani ya kamusi. Niliketi chini kwenye vumbi nikasoma mpaka kengele ikalia.

Nilienda kwa prefe kuomba chumba kile. Alikubali, lakini na sharti. Tangu elimu ya msingi iwe bila malipo mwaka 2019, madarasa ya chini yamejaa, na direkta wa msingi alikuwa anakitaka chumba hicho kwa darasa la kwanza. Kwa haki alikuwa na sababu, watoto walikuwa wanaketi wanne kwenye benchi moja. Prefe alisema: "Madamu, nakupa mpaka Pasaka. Pasaka ikifika bila biblioteki, chumba ni cha darasa la kwanza."

Siku niliyoshindwa na kitabu cha maharagwe

Siku ya kwanza ya kazi nilishika kitabu kuhusu kulima maharagwe. Nilijua kwamba vitabu vinaweza kupangwa kwa namba za Dewey, Mwamerika aliyetoa mpango wake mwaka 1876. Nilijua kwamba zamani nilikuwa ninaweka namba ya kitabu cha kilimo bila kufikiri. Namba haikuja. Nilikaa na kitabu kile mkononi, machozi yakanitoka. Haikuwa kwa sababu ya maharagwe. Niliona kwamba miaka ile mitano ya Goma ilikuwa imeungua pia.

Usiku, watoto walipolala, nilichukua karatasi moja nikaandika yale ninayokumbuka bado. Yalijaa nusu ya ukurasa. Upande wa pili niliandika yale niliyosahau, na ukurasa haukutosha. Lakini karatasi ile ilinisaidia, kwa maana sasa nilijua nitafute nini. Kabla ya hapo nilikuwa ninasema tu "nimesahau yote", na mtu anayesema hivyo hajui aanzie wapi.

Niliona pia jambo lingine. Mikono ilikumbuka kuliko kichwa. Nilipofungua kitabu kipya nilianza katikati, nikakandamiza kurasa kidogo kidogo pande mbili ili mgongo usivunjike, kama padri alivyonionyesha. Sikuwa ninakumbuka kwamba ninajua hivyo.

Mwalimu mwenye miaka 24

Nilitafuta mtu wa kunifundisha. Katika mji kuna biblioteki kubwa ya chuo kimoja, na kijana mmoja mwenye miaka 24 ndiye anayeichunga. Niliomba kumsaidia bila mshahara katika likizo ya Noeli, majuma mawili. Alikubali.

Ilikuwa vigumu kwangu. Yeye aliniita "mama" kwa heshima zote, lakini vidole vyake viliruka juu ya kompyuta wakati mimi nilikuwa natafuta herufi moja moja. Alinionyesha PMB, programu ya bure iliyotengenezwa na Wafaransa kwa kazi ya biblioteki, na akanieleza kwamba kuna nyingine inayoitwa Koha, iliyoanzia New Zealand mwaka 2000, nayo ni ya bure. Siku ya tatu nilifuta kwa kosa kazi yake ya asubuhi nzima. Nilitaka kurudi nyumbani nisirudi tena. Akasema: "Mama, mimi nilifuta ya juma zima mwaka jana." Tukaanza upya.

Wamama, ninasema wazi kwamba kizuizi kikubwa changu hakikuwa akili wala feza. Kilikuwa haya ya kuketi chini ya mtu ninayeweza kumwita mdogo wangu. Siku nilipokubali kuwa mwanafunzi wake, nilianza kusonga mbele.

Shule yetu haina kompyuta, kwa hiyo nilirudi na yale yanayofaa kwa biki na karatasi. Niliandika tena makundi kumi, nikayabandika ukutani:

000 – vitabu vya jumla, kama ansiklopedia
100 – falsafa
200 – dini
300 – maisha ya jamii, pamoja na hadithi za mapokeo
400 – lugha
500 – sayansi na hesabu
600 – ufundi: afya, kilimo, mapishi
700 – sanaa na michezo
800 – fasihi
900 – historia na jiografia

Ni kama soko la Kadutu. Anayetaka nyanya hatafuti penye vitenge, na ndani ya mahali pa nyanya kila muuzaji ana pahali pake. Ndani ya 600 unakuta 610 ya afya, 630 ya kilimo, 640 ya mambo ya nyumba. Hadithi ambazo bibi zetu walitusimulia jioni zina namba yake, 398.2. Kiswahili chetu kiko mbali kabisa, 496.392, kwa sababu aliyepanga lugha alizipa lugha za Ulaya karibu nafasi yote na kuzisukuma zile za Afrika pembeni. Nilipowaeleza wanafunzi wa sekondari jambo hilo, walibishana saa nzima. Na kitabu cha maharagwe kilipata 635.

Nyumbani

Mtu harudi kwenye masomo peke yake. Nyumba nzima inarudi naye. Baba watoto alikuwa amekwisha kutufuata Bukavu. Nilipomwambia kwamba nitafanya kazi bila malipo siku za likizo, alicheka, kisha akakasirika. "Unaacha sambaza zinazoleta feza kwa vitabu visivyoleta kitu?" Swali lake lilikuwa la kweli. Hatukulimaliza usiku mmoja. Nilimwonyesha hesabu: ni saa ngapi, ni siku ngapi, sambaza nitauza saa gani, nani atabaki na watoto. Aliona kwamba sikimbii nyumba. Akakubali kwa majaribio mpaka Pasaka, kama prefe.

Wamama wengine wananiambia: "Mume wangu akikataa, sheria inasema nini?" Tujue kwamba sheria imebadilika. Kodi ya familia ya mwaka 1987 ilimdai mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa jambo hilo, na sasa inawaomba mume na mke wapatane, wote wawili. Sisemi mtu aende kumpigia mume wake karatasi ya sheria usoni. Ninasema tuzungumze tukijua kwamba tunazungumza kama watu wawili wanaopatana, siyo mmoja anayeomba ruhusa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa watoto siku ya posho, siku niliyotenga kwa kupanga vitabu. Hapo wamama wa likelemba waliniokoa. Tunajua wote namna ya likelemba ya feza: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Tulikuwa watano wenye watoto wadogo, tukafanya likelemba ya saa. Kila siku ya posho mama mmoja anachunga watoto wa wote kuanzia saa mbili mpaka saa sita, na wanne wanakuwa huru. Mmoja alikwenda kujifunza kushona, mmoja alipumzika tu, na ilikuwa haki yake. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na watoto kumi na mmoja katika uwanja wa mama mkubwa. Niliwasomea hadithi, kisha nikalala mapema kuliko wao.

Kosa langu

Sasa ninafika kwenye lile linalonipa haya zaidi.

Nilirudi na hamu ya kuonyesha kwamba mimi ni fundi wa kweli. Nilitaka kila kitabu kiwe na namba, muhuri, fishi ya mwandishi na fishi ya jina kabla mtoto yeyote hajaingia. Nilifunga mlango kwa ufunguo. Nilianika vitabu vilivyolowa kivulini, kwa maana jua kali linakunja karatasi. Nilisogeza etajeri mbali na ukuta kwa upana wa mkono ili hewa ipite, kwa sababu kwetu mvua inanyesha karibu miezi kenda na ukuta unatoa maji. Nilitoa vitabu vilivyooza kabisa, kwa kuwa kitabu kimoja chenye ukungu kinaharibu majirani. Kazi ilikuwa nzuri. Polepole, lakini nzuri.

Mwezi wa tatu 2023 prefe alikuja. Nilimwonyesha rejista: vitabu 312 vilikuwa tayari. Alifungua kurasa, akasifu mwandiko wangu. Kisha akauliza: "Watoto wangapi wamesoma?"

Hapakuwa hata mmoja.

Siku ile ile, saa ya mapumziko, msichana wa darasa la sita alisimama dirishani. Alitazama vitabu vilivyopangwa vizuri, akaniuliza kwa adabu: "Madamu, vitabu vile ni vya kuuza?"

Nilisikia vibaya moyoni. Kwa miezi mitano nilikuwa nimechunga vitabu visipate watoto. Usiku nilisoma kwenye simu kuhusu Ranganathan, mwalimu wa hesabu wa kule Uhindi aliyegeuka kuwa mtu wa biblioteki, ambaye mwaka 1931 alitoa sheria tano za kazi hii. Mbele ya zote aliweka jambo hili, kwamba kitabu kiko kwa ajili ya kutumiwa. Padri wangu wa Goma alikuwa amenifundisha vilevile kwa matendo, maana mlango wake ulikuwa wazi siku zote. Mimi nilikumbuka rejista yake, nikasahau mlango wake.

Kesho yake niliweka meza moja kwenye baraza, nikapanga juu yake vitabu 40. Kaye moja ya kuazima: tarehe, jina la mtoto, darasa, namba ya kitabu, siku ya kurudisha. Sikungoja fishi. Mpaka saa sita vitabu 26 vilikuwa vimekwenda.

Yule msichana alichukua kitabu cha kufuga sungura, namba 636. Nilimwuliza sababu, akasema ni kwa mama yake, ambaye sungura wake walikuwa wanakufa. Mama yake hasomi Kifaransa. Jioni mtoto alisoma na kumgeuzia kwa Kiswahili, na penye Kiswahili kilipokosa neno, kwa Mashi. Juma lililofuata mama mwenyewe alikuja na kitabu ndani ya kitenge. Kilikuwa na doa la mafuta ya mawese kwenye ukurasa wa magonjwa ya tumbo. Zamani ningemkemea. Niliangalia doa lile nikaelewa kwamba ukurasa ule ulisomwa jikoni, karibu na moto. Akaomba kukaa nacho juma lingine.

Sikusema kwamba yote yalikwenda vizuri. Mwezi ule wa kwanza vitabu vitatu vilipotea, na kimoja kilirudi bila kifuniko. Nilijifunza kuwapa watoto wawili wa kila darasa kazi ya kukumbusha wenzao, na kupotea kukapungua.

Pasaka

Pasaka ilifika tarehe 9 mwezi wa nne. Prefe na direkta wa msingi walikuja pamoja. Nilitoa kaye ya kuazima kwanza, rejista nyuma. Direkta alisoma majina, akakuta wanafunzi wake wengi ndani. Alikaa kimya, kisha akasema: "Madamu, watoto hawa wa darasa la kwanza nitawaweka wapi?"

Sikuwa na jibu, na ninyi mngekuwa nalo? Biblioteki bila watoto wanaojifunza kusoma ni depo tena. Tulizungumza muda mrefu. Mwisho tulikubaliana hivi: asubuhi chumba ni cha darasa la kwanza, na vitabu vinafungwa katika makabati mawili. Kuanzia saa saba na nusu ni biblioteki. Na siku mbili kwa juma sanduku la bati lenye vitabu 30 linabebwa kutoka darasa hadi darasa.

Mwanzoni niliona kwamba nimeshindwa nusu. Kisha nilikumbuka jambo nililosoma: mwaka 2014, katika kambi za wakimbizi wa Kongo kule Burundi, Kavumu na Bwagiriza, shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilileta kwa mara ya kwanza biblioteki inayofungwa ndani ya masanduku, inaitwa Ideas Box. Inafunguliwa, watu wanasoma, wanaangalia filamu, kisha inafungwa. Ndugu zetu waliokimbia makwao walisoma ndani yake. Nilijiambia kwamba kama vitabu vinaweza kutoka katika sanduku kule kambini, vinaweza kutoka katika sanduku kwetu.

Hapa nilipo sasa

Bado ninajifunza. Kila siku ya posho, zamu ya likelemba inaponiruhusu, ninakwenda saa mbili kwa yule kijana wa chuo. PMB siiogopi tena. Ninafikiria kuendelea na lisansi. Kwa anayefikiria hivyo, kuna jambo la kuangalia: tangu 2021-2022 vyuo vyetu vinapita katika mfumo wa LMD, ambapo lisansi ni miaka mitatu, na diploma za zamani za graduat hazihesabiwi kwa namna ile ile tuliyozoea. Kabla ya kulipa hata dola moja, nenda kwa sekreteri wa akademi, uonyeshe diploma yako, uulize utaingia mwaka gani, na uombe jibu kwa maandishi.

Sasa ninarudi kwako, mama muuguzi uliyeniuliza siku ile ya mvua.

Wakati haukupita. Lakini sitakudanganya: hutakuta kazi mahali ulipoiacha. Mimi nilipokosa namba ya kitabu, hakuna aliyeumia. Katika kazi yako dawa zinabadilika na vipimo vinabadilika, na kosa linaweza kumgusa mgonjwa. Kwa hiyo usianze kwa kuomba nafasi. Anza kwa kuomba kukaa kando ya mtu anayefanya kazi hiyo leo, hata kama amezaliwa wakati wewe ulikuwa unamaliza shule ya msingi. Andika nusu ukurasa wa yale unayojua bado na ukurasa wa yale uliyosahau. Sema na baba watoto ukiwa na hesabu ya saa mkononi. Na usingoje kujua yote ndipo ufungue mlango, kama nilivyofanya mimi.

Kuhusu watoto, usihangaike peke yako. Likelemba yetu ya saa ina nafasi mbili, kwa sababu wenzetu wawili watoto wao wamekua. Siku ya posho inayokuja tutaketi nyuma ya mkutano, kila anayetaka kurudi kwenye ujuzi wake, awe mshonaji, muuguzi, mwalimu ao mkulima. Leteni karatasi moja kila mtu. Biki nitaleta mimi.